Nta ya kopo ya Turtle Wax kwenye IST nyeusi, hapa Tanga

Mwenye gari jeusi Tanga ana ajira mbili: ya kwake na ya gari. Asubuhi lina vumbi, jioni lina chumvi ya bahari, na katikati ya hapo kunguru wa mwembe wa jirani washafanya yao. IST yangu ni ya mwaka 2004, rangi ni ileile iliyotoka nayo Japani, na kwa sababu hiyo naiosha mwenyewe nyumbani. Vijana wa kuosha magari barabarani wana bidii na bei yao haina tatizo. Tatizo ni kile kitambaa: kikitoka kufuta rimu za daladala kinapanda moja kwa moja kwenye boneti yako, na mchanga wake kimebeba. Lisimamishe gari juani, angalia boneti kwa upande, utaiona ile michirizi ya duara inayolizunguka jua.

Kopo lenyewe ni la Turtle Wax, ile Hard Shell ngumu ya kuchota, gramu 397. Nimelipata duka la vipuri kwa shilingi 32,000. Wengi mnaona ni ghali mkiilinganisha na polishi za kupuliza, na ndiyo maana naandika. Ya kupuliza inang'aa vizuri sana jioni ile uliyoipaka. Ikipiga mvua moja ya maana, umerudi ulikotoka. Kopo hili kwa gari dogo unachota kidogo tu kila unapopaka, na mimi sijafika hata nusu.

Lakini nta haipakwi juu ya uchafu, kwa hiyo kuosha kwanza. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia sponji kabla hujairudisha kwenye sabuni. Anza juu ya paa, malizia chini ya milango, na matairi yawe na kitambaa chao kisichopanda juu kamwe. Sabuni iwe ya gari. Ya unga na ya vyombo zimetengenezwa kukata mafuta, nazo zitaondoka na nta yako yote. Kinyesi cha kunguru usikisugue kikiwa kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kiache kilainike, kisha kiondoe kwa kukinyanyua. Na usikiache kilale juani siku nzima, kina asidi, kinaacha alama ambayo maji hayaitoi.

Sasa nta. Weka gari kivulini na uguse boneti kwa kiganja. Kama bado ina moto, nenda kanywe chai kwanza. Paka kwa sponji yenye unyevu kidogo, robo ya boneti kwa wakati mmoja, na paka nyembamba, nyembamba mpaka ujiulize kama umepaka kweli. Ukijaza nta nyingi hakuna cha zaidi utakachopata ila kazi ya kuifuta. Ikianza kuwa na ukungu, pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa, kikiburuta nta kama mafuta mazito, subiri. Hapa kwetu kusubiri kunategemea majira. Wakati wa kaskazi inakauka upesi, masika inakutesa. Futa kwa taulo ya maikrofaiba iliyokunjwa mara nne, na geuza upande kila ukiona umejaa.

Siku moja mzee wa jirani alinikuta katikati ya kazi, nikamwamkia. "Marahaba. Binti, hilo gari unalisinga kama mwali?" Nikamwambia babu, mwali huyu mahari yake bado nalipa benki.

Matokeo nayapenda. Weusi unakuwa na kina, na maji ukiyamwaga yanajikusanya matone matone na kuteleza badala ya kutandaa. Vumbi linatoka kwa maji tu bila kusugua sana, na hilo kwangu ni muhimu kuliko kung'aa, kwa sababu kusugua ndiko kunakoleta mikwaruzo. Nta nyingi za kopo zinatumia karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Inayeyuka nyuzi joto zikishavuka 80, wakati nta ya nyuki inalegea kwenye 62 au 64 hivi. Kwa boneti jeusi la saa saba mchana mwezi Januari, tofauti hiyo si ya kitabuni.

Isichofanya: haiondoi mikwaruzo. Hapa watu wanachanganya, wanasema "polishi" kwa kila kitu kinachong'arisha. Polishi yenyewe, na kompaundi zaidi, zina chembe zinazokwangua ile tabaka ya juu ambayo mafundi rangi wanaiita kliya. Kliya ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 au 50 hivi, karibu nusu ya karatasi ya daftari. Kila ukiikwangua inapungua na hairudi. Kwa hiyo kompaundi kwa nadra, na sehemu yenye alama tu; nta mara kwa mara upendavyo.

Pia iepushe na plastiki nyeusi za bampa na mpira wa madirisha. Nta ya kopo, ya kampuni yoyote, ikikaukia pale inaacha weupe unaokera. Ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) kabla hujaanza. Taa za mbele zilizopata unjano nazo hazihusiki humu, zile zina dawa yake.

Nyota nne kati ya tano. Ninayoibana ni kwa ajili ya mabega, maana kufuta paa la gari peke yako ni mazoezi kamili. Ukienda kununua, fungua kifuniko palepale dukani uone kama nta haijapasuka na kusinyaa pembeni. Na kama kliya ya gari lako imeshaanza kubanduka magamba juu ya paa, hiyo 32,000 mpelekee fundi rangi kama kianzio.