Mbao za misemo za Ngamiani: herufi safi, majina ya kubandika

Anayetaka ubao wa msemo wa kutundika sebuleni jijini Tanga huelekezwa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ambako karakana ndogo za stika na mabango huchapa chochote utakachoandika. Mbao zinazohakikiwa hapa ni za karakana mojawapo: kila ubao ni wa saizi ya A3 (sentimita 29.7 kwa 42), stika iliyobandikwa juu ya ubao wa kiwandani wa MDF wa milimita 6, kisha plastiki angavu juu yake. Kazi ya mikono inaridhisha. Tatizo limo kwenye mstari mdogo wa chini, pale jina la msemaji linapokaa.

Kwenye misemo ya vita ndiko makosa yalikojaa. Ubao uliotundikwa mbele kabisa unasema ni wafu tu walioona mwisho wa vita, na chini yake imeandikwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Si wake. Sentensi hiyo ni ya mwanafalsafa George Santayana, katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1922, risasi za Vita vya Kwanza zikiwa zimenyamaza juzi tu. Mwaka 1962 Jenerali Douglas MacArthur, akihutubia vijana wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, alimtaja Plato kuwa ndiye aliyeisema, na neno la jenerali nani alipinge? Tanga, mji ambao Novemba 1914 uliona jeshi la Waingereza na Wahindi likirudi melini huku nyuki wakiliuma, ulistahili ubao wa vita wenye jina sahihi.

Upande wa mapenzi upo ule wa kwamba penye mapenzi na vita kila kitu ni halali, nao amepewa Shakespeare. Hakuuandika popote. Wazo lenyewe limo katika kitabu cha mwandishi Mwingereza John Lyly cha 1578, Shakespeare akiwa bado kijana wa miaka 14. Ule wa maisha, kwamba maisha ndiyo yanayokutokea wakati unapanga mengine, unabeba jina la mwanamuziki John Lennon. Aliuimba kweli mwaka 1980, ila ulishachapishwa Marekani mwaka 1957 kwa jina la Allen Saunders, mchora katuni. Huo una nusu kosa, upite.

Mbao za Mwalimu Nyerere ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu mnunuzi huziamini bila kuuliza. "Kupanga ni kuchagua" ni maneno yake, ya mwaka 1969 alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Huo nunua. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" si wake; ni methali ya wazee aliyoinukuu katika kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962, na hivyo ndivyo majina yanavyokosewa: mkubwa akinukuu, watu humkumbuka mkubwa. Halafu kuna "Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo", umepambwa maua ya dhahabu kama wa saluni. Katika hotuba ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, kila kipande kilikuwa na neno "kumpiga". Karakana imeling'oa neno hilo, na tangazo la vita limegeuka kauli mbiu ya biashara. Ukiagiza, sema lirudishwe.

Wa Mandela kuhusu elimu kuwa silaha ni halali: aliusema Johannesburg mwaka 2003.

Kipimo cha haraka dukani ni kuuliza msemo ulisemwa wapi na mwaka gani. Muuzaji akijibu "uko mtandaoni", agiza mstari wa chini uachwe wazi, au uandikwe "methali" kama ni methali. Kanga imebeba misemo miaka yote hii bila kumsingizia mtu, na haijapungukiwa utamu.

Maandishi yatume yakiwa yamechapwa kwenye simu, usitume picha, maana fundi akinakili kutoka kwenye picha hudondosha herufi. Baada ya kutuma, soma tena, kwani simu nyingi "husahihisha" Kiswahili kwa kukiharibu. Dai kuona mpangilio kwenye kompyuta kabla printa haijawashwa. Stika ikishatoka, kosa ni lako. Kuhusu ukubwa, herufi ya sentimita 1 husomeka vizuri kutoka kama mita 3. Jina la msemaji kwenye mbao hizi lina milimita 4, kwa hiyo aliyekaa kwenye kochi la upande wa pili haoni kitu. Pengine ndiyo salama ya karakana.

Udhaifu mkubwa wa ubao ni kingo. MDF ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na kingo zilizokatwa hunyonya unyevu wa bahari, zikavimba na kuinua stika pembeni. Karakana haizipaki chochote. Paka mwenyewe vanishi mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Usiutundike panapopigwa na jua la dirishani: wekundu na manjano hutangulia kufifia, hata uso wa mtu aliyechapwa pale ubaki na rangi ya samawati kama mgonjwa.

Selotepu ya pande mbili wanayokupa dukani haishiki ukuta wa chokaa. Huanguka na ganda la chokaa lenyewe. Toboa tundu la milimita 6, ingiza plagi ya plastiki ya saizi hiyo hiyo, kisha funga kwa skrubu ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida, kwa chumvi ya hapa, utachora mchirizi wa kahawia ukutani hadi chini.