Kupima oksijeni kwenye maji ya Aktiki: Winkler au sensa ya mwanga?

Wengi wakishaona sensa, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwa mwanga, wanasema Winkler, ile njia ya kupima kwa kemikali, imepitwa na wakati, mi sikubali. Winkler ipo tangu 1888 na mpaka leo ndo inayotumika kuisahihisha sensa yenyewe. Unachota maji kwenye chupa, unahakikisha hakuna hata kapovu kamoja ka hewa (hapa ndo watu wanaharibu), unatia manganizi na iodaidi yenye alkali, mashapo ya kahawia yanashuka polepole kama tope, halafu asidi, halafu thiosalfeti tone kwa tone, ukitia wanga maji yanakuwa bluu na tone la mwisho bluu inapotea ghafla, hapo unasoma umetumia thiosalfeti kiasi gani, ndo inakuonyesha oksijeni iliyokuwepo. Ila meli inayumba, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na kila chupa ni kina kimoja tu.

Sensa unaishusha na inarekodi njia nzima, tena unaweza kuiacha chini ya barafu msimu wote wa baridi. Kwa Aktiki hilo ni kubwa sana, maana maji ya Pasifiki yanayopitia mlango wa Bering, yenye silika nyingi, yanalala juu ya yale ya Atlantiki na ukiwa na chupa chache unauruka kabisa mpaka wao. Shida sensa inapoteza usahihi taratibu hata ikikaa tu stoo.

Mi kwenye meli nabeba zote mbili. Naitreti, fosfeti na silika, yaani virutubisho vya majini, si utazichotea maji tu? Basi chota ya oksijeni kwanza, kabla ya hizo.