Simu Imekuwa Nzito Baada ya Kusasishwa: Uchambuzi na Dawa Yake

Assalaam aleikum, watazamaji. Natumai nyote mko salama, mlioko hapa Amu na mlioko Mokowe, Malindi, Mombasa na kwingineko. Katika video hii nachambua simu moja ya Android ya bei ya kati, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na skrini ya Hz 90, ambayo tangu ilipopokea sasisho kubwa la mfumo imekuwa nzito: ukifungua programu, dirisha lake lajikokota, na ukipitisha kidole kwenye orodha ya mazungumzo ya WhatsApp, maandishi yanarukaruka badala ya kuteleza. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa malalamiko haya nayasikia kwa wenye simu za aina nyingi, na mengi ya nitakayoeleza yanafaa karibu kila simu ya Android.

Kabla hatujagusa mpangilio wowote, nataka lieleweke jambo moja: uzito huu ni wa namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Namna ya kwanza ni uhuishaji, yaani ile miondoko ya madirisha kufunguka na kufungika, kuchukua muda mrefu ijapokuwa unakwenda vizuri bila kukatika. Dirisha linafunguka taratibu kwa sababu waliobadilisha sura ya mfumo waliamua lifunguke taratibu. Namna ya pili ni kupotea kwa fremu, yaani zile picha moja moja ambazo skrini huzichora mfululizo ili tuone mwendo. Skrini ya Hz 60 hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hivyo simu ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila fremu. Kwenye Hz 90 muda huo hupungua hadi milisekunde 11.1, na kwenye Hz 120 hubaki milisekunde 8.3. Simu isipomaliza kazi ndani ya muda huo, fremu iliyotangulia hubaki palepale kwa zamu nyingine, na jicho huona mshtuko. Mshtuko mmoja haudhuru. Ikifuatana mitano au sita, ndipo mtu asemapo simu yake inakwama. Asiyetenganisha namna hizi mbili ataitibu moja kwa dawa ya nyingine, na ndiyo maana nasikitika kila ninapoona ushauri wa kupunguza uhuishaji ukitolewa kwa kila mtu, kama kwamba tatizo ni hilo tu.

Kujua simu yako imo katika namna gani hakuhitaji fundi. Ingia kwenye Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, kisha iguse mara 7 mfululizo hadi simu ikuarifu kwamba umekuwa msanidi programu. Hapo sehemu mpya hufunguka, iitwayo Chaguo za wasanidi programu, ambayo Google iliificha namna hii tangu Android 4.2. Ndani yake kuna kipengele cha kupima uchoraji wa skrini, chenye herufi HWUI au GPU katika jina lake. Kiwashe, uchague kionyeshwe kwenye skrini kwa umbo la mistari. Sasa rudi WhatsApp, uteleze orodha ya mazungumzo juu na chini.

Tazameni hapa kwenye skrini kwa makini. Chini kabisa mistari myembamba inapanda na kushuka, kila mmoja ukiwakilisha fremu moja, na mstari wa kijani uliolala juu yake ndio kipimo cha milisekunde 16.7. Nikiteleza polepole, mistari inakaa chini ya ule wa kijani. Nikifikia mazungumzo yenye picha nyingi za wasifu, tazameni, inachomoza mitatu kwa mpigo, mmoja umepita mara mbili ya kipimo, na wakati uleule kidole changu kimehisi skrini ikisita. Sehemu ya rangi ya machungwa ikiwa ndefu, prosesa kuu, yaani ubongo wa simu, inaisubiri prosesa ya picha (GPU) imalize kazi. Mistari ikiwa mifupi muda wote na bado waona simu ni nzito, basi simu yako haina ugonjwa wa fremu. Uhuishaji wake ni mrefu tu, na dawa yake ni ya dakika moja, nitaifikia.

Kwa simu hii mistari ilikuwa ikichomoza siku ya kwanza, na hapo ndipo penye habari ambayo wengi hawaijui. Wale mliotumia Android 5 na 6 mtakumbuka kwamba baada ya sasisho simu ilikuwa ikikaa muda mrefu kabla ya kuwaka, ikiandika kwamba inaboresha programu ya kwanza kati ya mia na kitu, kisha ya pili, hadi mwisho. Ilikuwa ikitafsiri kila programu kuwa lugha ambayo prosesa inaielewa moja kwa moja. Tangu Android 7.0, iliyotoka mwaka 2016, subira hiyo iliondolewa: simu huwaka upesi, programu huanza kutumika kabla ya kutafsiriwa yote, na mfumo hujifunza ni sehemu zipi unazozitumia sana ili uzitafsiri baadaye, simu ikiwa imetulia na imeunganishwa na chaja. Sasisho kubwa linapoingia, tafsiri nyingi za zamani hazifai tena, kwa kuwa msingi wa mfumo wenyewe umebadilika, na kazi huanza upya. Juu ya hilo, programu ya picha huenda ikaanza kuzipanga picha zako tena, na duka la programu likaleta masasisho yake, yote yakigombania prosesa moja na hifadhi moja. Kazi haikuondoka, ilihamishwa kutoka mahali ulipoiona hadi mahali usipoiona.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kuiacha simu kwenye chaja usiku kucha, ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi, skrini imezimwa, na kuifanya hivyo kwa usiku kadhaa kabla ya kutoa hukumu. Najua ushauri huu hauvutii, na huku kwetu una uzito wake, maana wako wanaochaji simu kwa nusu saa dukani na kuondoka nayo ikiwa na asilimia 40. Simu ya mtu huyo haipati kamwe utulivu ambao mfumo unaungoja, na hubaki nzito wiki baada ya wiki. Mwenye kompyuta na aliyezoea adb, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, anaweza kuilazimisha kazi hiyo kwa amri ya cmd package bg-dexopt-job, lakini kwa walio wengi chaja na usiku vinatosha. Simu hii ilipungua uzito kwa kiasi kikubwa kwa njia hiyo pekee, ingawa haikurudi kabisa kama zamani.

Kilichobaki kilitokana na hifadhi. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati hutumia hifadhi ya eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, tofauti na UFS iliyo kwenye simu za bei ya juu. Hifadhi ya namna hii ikikaribia kujaa, kuandika kwake huwa kwa taabu, na programu inayosubiri hifadhi haiwezi kuchora fremu yake kwa wakati. Simu hii ilibakiwa na GB 3 kati ya 64, na sasisho lenyewe lilikuwa limekula sehemu yake. Mnajua zinakojaa: video za arusi, za Maulidi, za mashindano ya jahazi, zikitumwa kwenye makundi matano, kila kundi na nakala yake. Fungua WhatsApp, ingia mipangilio yake, tafuta sehemu ya kudhibiti hifadhi, na itakupangia faili kubwa kwanza. Binafsi sishuki chini ya GB 10 zilizo wazi katika simu ya GB 64. Na kama simu yako ina kile kipengele cha RAM ya ziada kinachokopa nafasi kutoka kwenye hifadhi, nakushauri ukizime, uwashe simu upya na ulinganishe. Kwenye eMMC mkopo huo mara nyingi hudhuru kuliko unavyosaidia.

Sasa joto, ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulipuuza. Prosesa ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na inapopunguza kasi, zile milisekunde 11.1 huwa chache mno. Ami yangu ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Amu na Mokowe, na simu yake hukaa mbele ya usukani, juani, ikipokea nauli za M-Pesa na kucheza Kurani kwa wakati mmoja. Aliniambia, "Mwanangu, tangu wailete hiyo mpya, simu haifunguki." Nikamwashia ile mistari ya kipimo hapo hapo botini, ikawa inachomoza kila anapogusa kitu. Tulipofika gatini nikamwomba, "Ami, hebu tuitoe kifuniko tuiweke kivulini kwanza." Baada ya kunywa kahawa, simu ileile, programu zilezile, mistari mingi ilikuwa imerudi chini ya kijani. Sasisho lilimwongezea kazi ya nyuma, jua likafanya yaliyobaki. Wenye kufanya kazi juani, hasa miezi ya Februari na Machi, wasiilaumu programu kabla hawajaipoza simu, na wasiichaji huku wakiitumia ndani ya kifuniko kinene. Angalieni pia Kiokoa betri, kwa kuwa kwenye simu nyingi hupunguza kasi ya prosesa na kuirudisha skrini kwenye Hz 60.

Baada ya yote hayo ndipo tuje kwenye uhuishaji wenyewe. Ndani ya Chaguo za wasanidi programu kuna vipimo vitatu vinavyofuatana: cha madirisha, cha mpito kati ya kurasa, na cha muda wa uhuishaji ndani ya programu. Vyote huanzia 1x. Vikiwekwa 0.5x, mwondoko wa milisekunde 300 huwa wa milisekunde 150, na simu huonekana nyepesi papo hapo. Iko nyepesi kwa kweli? Kwa mkono wako, ndiyo, kwa kuwa kusubiri kumepungua. Kwa prosesa, hakuna nguvu mpya iliyoongezeka, na fremu iliyokuwa ikipotea bado inaweza kupotea. Napendekeza 0.5x kwa vyote vitatu bila wasiwasi. Kuvizima kabisa sikupendekezi kwa kila mtu, kwa sababu baadhi ya programu zina duara la kuzunguka linaloonyesha kwamba kazi inaendelea, na kipimo cha tatu kikizimwa duara hilo huweza kusimama. Mtu anayetuma pesa akaona duara limesimama atadhani simu imeganda, na anaweza kubonyeza mara ya pili. Kwa upande mwingine, wako watu, na wengi ni wazee wetu, ambao miondoko ya skrini huwatia kizunguzungu. Hao Android imewawekea katika Zana za ufikivu mpangilio wa kuondoa uhuishaji, na wana haki ya kuutumia. Vipengele vingine vya Chaguo za wasanidi programu, kama kulazimisha kazi zote zipitie prosesa ya picha, viacheni vilivyo.

Wenye iPhone, mpangilio wa kupunguza mwendo uko katika sehemu ya Ufikivu, chini ya Mwendo. Lakini tazameni kwanza afya ya betri. Apple, kwa iOS 10.2.1 ya Januari 2017, iliweka utaratibu wa kupunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla, na haikueleza waziwazi hadi Desemba mwaka huo, baada ya watumiaji kugundua. Ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, ikaonyesha afya ya betri katika iOS 11.3, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Betri mpya kwa simu kama hizo ilikuwa dawa halisi.

Mafundi wetu wa madukani nawaheshimu, ila nawaomba wasianze na kufuta simu yote. Hatua hiyo ni ya mwisho, baada ya picha, mawasiliano na mazungumzo kuhifadhiwa kwingine. Kurudisha mfumo wa zamani ni hatari zaidi: kufungua kufuli la mfumo hufuta data zote, na programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi baadaye. Wala msizuie masasisho kwa kuogopa uzito. Tangu Agosti 2015 Google hutoa viraka vya usalama vya Android mara kwa mara, na simu inayobeba pesa zenu inavihitaji.

Kwa anayeniuliza kama simu hii bado yafaa kununuliwa: kwa mwenye kupiga simu, WhatsApp na M-Pesa, yafaa, mradi aiachie nafasi ya hifadhi na usiku wa kuchaji. Kwa mwenye kupiga na kuhariri video, sishauri; aongeze pesa apate yenye UFS na RAM ya GB 6 au zaidi, na amwulize muuzaji masasisho makubwa mangapi yameahidiwa, kwa sababu hii niliyonayo mkononi, kwa maoni yangu, imekwisha kulibeba kubwa la mwisho inaloliweza.