Huduma ya Kupima Kingamwili za Ugonjwa wa Lyme: Upimaji Mzuri, Karatasi ya Majibu Yenye Upungufu

Nimeitumia huduma ya maabara binafsi inayopima kingamwili za ugonjwa wa Lyme, na nimeisoma karatasi yake ya majibu mstari kwa mstari. Upimaji wenyewe nimeridhika nao. Kinachonisikitisha ni karatasi hiyo, kwa sababu inamkabidhi mgonjwa namba nyingi bila kumweleza namna ya kuzisoma, ilhali ugonjwa huu unatibika, na majibu yakisomwa vibaya mtu anaweza kucheleweshewa dawa anayoihitaji au kunyweshwa isiyomhusu.

Nianze na panapostahili sifa. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria wa Borrelia anayeenezwa na kupe, bali kinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake, na maabara hii inafuata utaratibu wa hatua mbili: sampuli hupimwa kwanza kwa ELISA, kipimo cha kuchuja kinachoonyesha kama kingamwili hizo zipo, na majibu yakiwa chanya au ya mpakani ndipo hupelekwa kwenye Western blot, kipimo cha kuthibitisha kinachoonyesha kingamwili hizo zimelenga protini zipi za bakteria. Yakiwa hasi, upimaji unakoma hapo, wala mteja hauziwi hatua ya pili isiyo na faida kwake. Huo ni uaminifu, na ninaupongeza.

Tatizo linaanza kwenye ukurasa wa pili. Upande wa kushoto zimeorodheshwa bendi za protini, yaani mistari inayojitokeza kwenye Western blot pale kingamwili zinaponasa protini fulani ya bakteria, kwa uzito wa kilodaltoni (kizio cha uzito wa protini): 18, 23, 28, 30, 39, 41, 45, 58, 66 na 93, na mbele ya kila namba pameandikwa "ipo" au "haipo". Mgonjwa akiona neno "ipo" kwa wino mzito mbele ya 41, ataamini kwamba ameambukizwa. Lakini bendi hiyo inatokana na protini ya mikia ambayo bakteria hutumia kujisogeza, na kwa kuwa bakteria wengine wengi wana mikia ya namna hiyo, bendi ya 41 huonekana hata kwa watu wenye afya njema ambao hawajapata kuugua Lyme. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Marekani katika mkutano wa Dearborn mwaka 1994, IgG (kingamwili zinazochelewa kujitokeza) huhesabiwa kuwa chanya zikionekana angalau bendi 5 kati ya hizo 10, na IgM (kingamwili zinazotangulia kujitokeza) zikionekana angalau 2 kati ya 3, ambazo ni 23, 39 na 41. Mwenye bendi 3 za IgG majibu yake ya IgG ni hasi. Hakuna kitu kinachoitwa chanya kidogo. Maelezo hayo yangetosha katika aya moja fupi, nayo haimo.

Upungufu ulio mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba fomu ya kuagiza kipimo haiulizi dalili zilianza lini. Bila tarehe hiyo majibu hayasomeki sawasawa. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha, hivyo majibu hasi ya siku za mwanzo hayamwondolei mtu ugonjwa, na mwenye upele mwekundu unaotanuka baada ya kuumwa na kupe hutibiwa na daktari kwa kuutazama upele huo, bila kungoja maabara. Kinyume chake, IgM iliyo chanya peke yake, kwa mtu aliyeugua zaidi ya mwezi mmoja bila IgG kujitokeza, mara nyingi ni chanya ya uongo. Kaswende, virusi vya Epstein-Barr na baadhi ya magonjwa ya kinga kama lupasi pia yanaweza kuleta chanya ya aina hiyo. Aidha, kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu kwa miaka mingi baada ya mtu kupona, kwa hiyo tangazo la maabara hii linalowahimiza waliomaliza dawa warudie kipimo ili wahakikishe wamepona linapaswa kuondolewa.

Mapokezi na uchukuaji wa damu havikuwa na dosari. Ninaipendekeza huduma hii kwa mtu mwenye dalili za zaidi ya mwezi, kama vile goti lililovimba au upande mmoja wa uso uliopooza, aliyekaa mahali penye kupe wanaoeneza ugonjwa huu, na ambaye karatasi yake itasomwa na daktari anayeijua historia yake. Aliyeumwa na kupe jana asitumie fedha zake hapa kwa sasa.