Kituo cha hali ya hewa cha kufunga nyumbani: kinafaa Mtwara, ila picha ya wingu ipuuzeni

Chombo chenyewe ni mkono mmoja wa plastiki wenye vikombe vya upepo, mshale wa mwelekeo, faneli ya mvua, kipimajoto, kipima unyevu, kipima mwanga na paneli ndogo ya sola. Ndani ya nyumba kuna skrini, na baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa, imo humo kwenye skrini. Vinaagizwa mtandaoni kwa majina mengi ya biashara, lakini ukivifungua vinafanana sana.

Tangazo kwanza. Wauzaji wanapenda kubandika picha ya tonado ya Marekani, ule mkonga wa wingu unaogusa ardhi. Hakuna chombo cha daraja hili kinachopima tonado. Hata huko kwao daraja lake, EF0 (dhaifu kabisa) hadi EF5 (kali kabisa), hutolewa baada ya tukio, kwa kukagua nyumba na miti iliyovunjika, maana ni nadra ipite juu ya kipimaupepo na kipimaupepo chenyewe kipone. EF5 ni upepo unaozidi kilomita 322 kwa saa. Chamchela zetu za kiangazi zinazobeba vumbi na majani ni kitu kingine: huinuka kwenye ardhi iliyochemka, hazishuki kutoka wingu la radi. Kinachotuhusu Kusini ni kimbunga cha baharini. Lindi ilipigwa mwaka 1952, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kikaja Mei 2024. Kwa hilo chombo kina kazi.

Kufunga si shida: bomba la inchi moja, spana na pima maji. Kosa kubwa liko kwenye kitabu cha maelekezo, kinachosema paneli ya sola itazame kusini. Hayo ni maelekezo ya kaskazini mwa dunia. Huku geuza paneli itazame kaskazini, kisha ingia kwenye mipangilio uchague nusu ya kusini ya dunia. Ukigeuza mkono bila kubadili mipangilio, kusi itaandikwa kaskazi mwaka mzima. (Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari jua la mchana hupita upande wa kusini. Betri za ndani hubeba miezi hiyo.)

Mvua kinapima vizuri, kwa sharti kwamba umekihakiki. Chini ya faneli kuna vijiko viwili vinavyopokezana. Kimoja kikijaa kinapinduka na sumaku inahesabu. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli. Kikiwa sentimita 11.5, eneo lake ni sentimita za mraba 104 hivi, basi mililita 104 za maji ni sawa na milimita 10 za mvua. Mimina polepole, tone kwa tone, kwa nusu saa hivi. Skrini ikisoma 9 au 11, rekebisha kizidishio kwenye mipangilio. Ukimimina kwa kasi kitapunja, kwa sababu maji yanayoingia wakati kijiko kinapinduka hayahesabiwi. Ndiyo maana mvua kubwa ya Februari nayo hupunjwa. Ukiona milimita 0.3 zinajitokeza moja moja huku jua linawaka, faneli imeziba kwa majani, mavi ya ndege au utando wa buibui, na maji ya jana ndiyo yanachuruzika. Safisha kila mwezi.

Sasa picha ya wingu, jua na mvua kwenye skrini. Ipuuze kabisa. Inaongozwa na kupanda na kushuka kwa mgandamizo wa hewa, na imetungiwa nchi za baridi. Katika ukanda wetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, hata kukiwa shwari: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, tofauti ikiwa hektopaskali (kizio cha mgandamizo wa hewa) 3 hivi. Matokeo yake chombo kinatangaza mvua jioni nyingi za Agosti. Linganisha saa 10 jioni ya leo na saa 10 jioni ya jana. Mabaharia wana kanuni ya zamani: ukishaondoa hilo badiliko la kila siku, usomaji ukiwa hektopaskali 3 chini ya wastani wa msimu, shtuka, ukifika 5 chini, kimbunga kipo jirani. Ukiupa upepo mgongo, kitovu kiko upande wa mkono wako wa kulia. Hiyo ni ya kukufanya ufungue redio mapema, si ya kushindana na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wenye rada hapo hapo Mtwara.

Kabla ya yote sahihisha baromita kwa mwinuko wa mahali ulipo: kila mita 8 au 9 za kupanda hupunguza hektopaskali moja. Aliye Newala, juu ya uwanda wa Makonde, asipofanya hivyo atadhani ana kimbunga kila siku.

Upepo na joto ni dhaifu, na lawama ni ya umbo. Upepo hupimwa mita 10 juu, joto kati ya mita 1.25 na 2, mvua chini, mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo chake. Mkono mmoja hauwezi kuwa sehemu tatu. Ufunge mita 2, mahali pa wazi, ukubali kwamba upepo utasomeka mdogo. Juu ya bati utapata joto la bati.

Karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chumvi hula skrubu kwanza, kisha beringi ya vikombe. Badili skrubu ziwe za chuma cha pua, usizipake grisi nyingi maana hushika vumbi. Suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Mwenye boti au hoteli ufukweni atafaidi baromita. Mkulima wa korosho anayetaka asubuhi tulivu ya kupulizia salfa anaiona kwenye majani bila skrini. Yeye kipimamvua cha plastiki cha kusoma kwa mkono, kila siku saa 3 asubuhi, kinamtosha.