Wiki sita za darasa la mashairi kwa wagonjwa, maoni yangu

Jamani nimemaliza wiki sita za darasa la kuandika mashairi kwa sisi tunaougua magonjwa makubwa, ni mara moja kwa wiki kwa video, unaingia hata ukiwa umelala, na nimeona niandike leo kabla kemo ya kesho, yani dawa za saratani, haijanivuruga akili tena.

Nlijiunga shingo upande. Vidole vina ganzi, maji yenyewe mdomoni yana ladha ya chuma, halafu mtu anakwambia katunge shairi? Wiki ya kwanza ilikuwa kuandika huru, dakika 15 bila kusimamisha kalamu. Mwalimu alitueleza kuhusu kuandika kwa namna hiyo, kwamba James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye utafiti uliotoka 1986 aliwaandikisha wanafunzi wa chuo dakika 15 kila siku kwa siku nne kuhusu mambo yaliyowaumiza, na akatuonya kabisa kwamba ukishaandika unaweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda. Namshukuru kwa kuonya maana mimi nlilia mpaka usiku. Kwangu ilifungua kidonda ikaniachia hapohapo.

Wiki ya pili ndo ikanishika, tulipoanza mizani na vina, yani silabi nane kwa nane na miisho inayofanana. Nlikuwa kwenye dripu siku hiyo, nahesabu silabi kwa vidole vya mkono usio na sindano, nikapata:

Dripu yashuka matone, moja moja nahesabu
Nesi njoo unione,

hapo nikakwama. Nlitaka kusema maumivu, lakini kina ni -bu. Neno la kwanza lililokuja ni adhabu, na lilikaa vizuri tu kwenye mizani, ila nlipoliandika nikaliangalia nikasema hapana, huu ugonjwa sio adhabu, sijamkosea mtu, na yani miezi yote ile nlikuwa naamini hivo kimyakimya bila kujua kama naamini. Nikafuta. Kama nusu saa hivi natafuta kina ndo likaja "nishike kwa taratibu". Nlimuonesha nesi, akasoma mara mbili, hakusema kitu, ila tangu siku hiyo ananiuliza kwanza mkono gani kabla hajanigusa. Kuandika huru hakukunipa hicho, kina ndo kilinibana mpaka nikachagua neno.

Pia mwalimu alitukumbusha Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake, na mwanzoni kabisa anamwambia maradhi yamemshika hadi mwaka umetimia hajapata kumwambia neno jema. Nimeusoma utendi ule shuleni, tukaambiwa ni mawaidha kwa mke, basi. Hakuna aliyetuambia tusome kama maneno ya mama anayejua muda umebaki mchache. Nlizima kamera kidogo nikamuangalia mwanangu amelala.

Sasa kasoro. Wiki ya nne alikuja mwalimu mgeni akataka kila mtu aandike ushindi, vita, tutashinda, na mwenzetu mmoja ambaye matibabu yake yalishasimamishwa akatoka kwenye simu na hakurudi siku ile. Hiyo iliniuma sana. Mtu ana haki ya kuandika hofu yake ikabaki hofu. Masaa mawili nayo ni mengi mno kwa mtu aliyechoka, saa moja ingetosha, na maandishi wanayotutumia ni madogo, macho ya mgonjwa hayawezi.

Mazuri mengine: hulazimishwi kusoma kwa sauti, na kuna mshauri nasaha anabaki baada ya darasa kwa anayehitaji, mimi nlimtumia mara mbili. Hawakuwahi kusema shairi linaponya uvimbe, hilo nawapa heshima kubwa, dawa ziko palepale na daktari yuko palepale.

Ukijiunga tumia penseli nene kama una ganzi kama mimi, kalamu inateleza, na kama ndo kwanza umepewa majibu wiki hii subiri kidogo, wiki ile ya kuandika huru ni nzito. Mimi nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja ni ya wiki ya nne. Nimeshajiandikisha awamu ijayo, nna utenzi wa mwanangu, niko ubeti wa 11.