Dramu za zamani za Japani: ipi ununue Arusha na Moshi, ipi uiache

Kabla hujatoa hela yako kwa seti mpya ya dramu ya bei rahisi, jipe wiki mbili uzunguke kutafuta seti ya Kijapani ya miaka ya 60, 70 au 80. Zipo. Arusha nimezikuta kwa watu wanaofungua kontena za vitu vilivyotumika kutoka Japani, zimebanwa katikati ya friji na baiskeli. Moshi nimezikuta kwenye stoo za makanisa: kwaya ikishapata vyombo vipya, vya zamani vinarundikwa pembeni na kufunikwa turubai hadi vinasahaulika. Muuzaji huangalia kutu, kisha anapanga bei kwa kutu hiyo. Wewe angalia mbao.

Kutu inatoka. Plastiki ya nje inabandikwa upya, bolti zinapatikana. Lakini mzinga wa ngoma, yaani lile duara la mbao lenyewe, ukipinda ukaacha kuwa duara, sijaona fundi aliyeurudisha ukatulia. Ndiyo maana hapa napanga kwa mzinga kwanza, vipuri baadaye, na jina lililoandikwa mbele ya kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, nimeliweka mwisho.

Namba moja kwangu ni Yamaha ya miaka ya 80. Kampuni ilianza kutengeneza dramu mwaka 1967, na mizinga yake imeunganishwa kwa akili: kila tabaka la mbao limekatwa mshazari kwenye maungio, na maungio ya tabaka moja hayakai juu ya maungio ya lingine. Kwa hiyo hakuna sehemu moja dhaifu ya kufunguka, na duara linadumu. Recording Custom, seti ya mbao ya birchi iliyotoka katikati ya miaka ya 70 na ambayo mpiga dramu Mmarekani Steve Gadd aliipiga miaka mingi, ukiikuta usipoteze siku ukibishania bei. Ila hata Yamaha za daraja la kawaida za kipindi kile zinapokea ngozi za kisasa, zile za plastiki zinazopigwa, bila taabu, na kwa mtu wa huku hilo ni kubwa kuliko sifa za mbao.

Tama inafuata kwa karibu sana. Kampuni yenyewe ni Hoshino, waliokuwa wakiuza dramu kwa jina la Star miaka ya 60, kisha wakaanza jina la Tama mwaka 1974. Seti yao ya Imperialstar ya enzi hizo ina mzinga mnene wa mbao inayoitwa mahogani ya Ufilipino, na stendi zake ni nzito kwelikweli. Kwa mkutano wa injili uwanjani ningeichagua hii mbele ya Yamaha, maana sauti inafika mbali hata kabla maiki hazijawekwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uzito tu. Kama unabeba vyombo kwa bajaji kutoka Sakina hadi Njiro, Arusha, kila Jumapili, utauhisi mgongoni.

Ya tatu ni Pearl ya miaka ya 70, hasa ile yenye mbao iliyopakwa faibaglasi. Ni imara, ila kipenyo cha baadhi ya mizinga yake kimezidi kidogo, na ngozi ya leo inaingia kwa kubana au inakataa kabisa. Nenda na ngozi ya inchi 13 mkononi uijaribu hapohapo. Na usichanganye na Pearl Export iliyoanza mwaka 1982. Nyingi za hizo zimetoka Taiwan. Ni seti nzuri za kazi, lakini usizilipie bei ya Japani. Kibandiko cha chuma pembeni mwa mzinga ndicho kinachotaja nchi, kisome kabla ya kusoma kingine.

Nafasi ya nne nawapa ninaowapenda kuliko wote: zile seti za miaka ya 60 zenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Viwanda vya Japani vilizitengeneza kwa ajili ya waagizaji wa Marekani na kwingineko, na kila mwagizaji alibandika jina lake. Seti mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuwa na majina mawili tofauti, na jina halikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni kuchungulia ndani. Utaona mbao nyembamba ya luani, mti wa Asia ya kusini-mashariki, kwa kawaida tabaka tatu, na pete ya mbao juu na chini ya kushikilia duara. Sauti yake ni ya joto, fupi, haikai hewani. Kwenye ukumbi mdogo, nyuma ya gitaa la rumba au kinanda cha kwaya ya watu kumi na wawili, hakuna seti mpya ya bei rahisi inayoifikia.

Mbona basi ni ya nne? Kwa sababu ya vyuma. Miguu ya kiki ni vijiti vyembamba vinavyoteleza, na vishikio vya tomu, ngoma ndogo zinazokaa juu ya kiki, vimemiminwa kwa madini laini yanayokatika ghafla. Usikubali mtu akwambie ataviunga kwa kuchomelea. Madini yale huyeyuka kabla hayajashika. Peleka kipande kilichovunjika kwa fundi wa kukereza vyuma, atakuchongea kingine cha alumini au chuma, na kitaishi kuliko cha mwanzo.

Yangu niliinunua Moshi kwa laki tatu na nusu, nyekundu yenye vimetameta, tomu ya inchi 12, flo tomu (ile inayosimama sakafuni) ya 14, kiki ya 20. Mzee wa kanisa aliyenifungulia stoo alishangaa nilipomwomba afunge mlango.

“Kijana, unatafuta nini gizani?”

“Shikamoo mzee. Natafuta mwanga.”

Nilikuwa nimevua ngozi, nikaulaza mzinga juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikawasha tochi ya simu ndani yake. Ukingo ulionyooka hauachi mwanga upenye. Ule wa tomu ulikuwa giza mzunguko mzima, isipokuwa uzi mmoja mwembamba wa mwanga, urefu wa kidole. Huo unarekebishika kwa msasa. Baada ya hapo nikapima kwa futi, kipenyo kimoja kisha kingine kinachokikata katikati. Kwenye tomu, mimi tofauti ikipita milimita 3 naacha. Fanya hivyo kwa kila ngoma, na usione aibu kumaliza nusu saa mbele ya muuzaji.

Nilichokosea ni flo tomu. Ilikuwa imesimama miaka kwenye sakafu ya saruji, na unyevu wa masika ulikuwa umepanda kutoka chini. Juu safi, chini tabaka zimeachana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Sikuigeuza. Geuza kila kitu.

Niliiponya hivi. Niliiacha ikauke ndani ya nyumba wiki mbili, mbali na jua kali. Nikaingiza gundi ya mbao kati ya tabaka kwa bomba la sindano, kisha nikaizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli nikivuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Tyubu inabana sawa pande zote kuliko kamba yoyote. Saa 24 bila kuigusa. Ukingo nikaunyoosha kwa kubandika msasa namba 150 juu ya kioo kilekile na kuuzungusha mzinga taratibu, nikipima kwa tochi kila baada ya mizunguko michache. Kwenye snea, ile ngoma ya kukwaruza, kuwa mwangalifu: chini ina mabonde mawili yanayotazamana, ambapo nyaya zake hupita. Yamewekwa makusudi. Ukiyasawazisha kwa msasa umeiua snea.

Bolti zilale kwenye siki usiku mmoja, asubuhi uzisuuze kwa maji yenye soda ya kuokea, uzikaushe kabisa, kisha uzipake grisi. Ringi zinazobana ngozi na vyuma vya kung'aa usivitie kwenye siki muda mrefu na usivipitishie msasa kamwe. Visugue kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, kutu itaondoka na mng'ao utabaki. Bolti ikikosekana, chukua nzima moja uende nayo duka la nati na bolti, uijaribishe kwenye nyuzi zenyewe. Usinunue kwa kukadiria, maana nyuzi za Kijapani za zamani si lazima zifanane na za seti za leo. Ringi nayo uihesabu matundu kabla ya kutafuta mbadala: yenye sita haiwezi kukaa kwenye ngoma yenye vishikizo vinane.

Vishikizo vya bolti vya zamani vina springi ndani, na springi hizo huimba kila unapopiga. Vifungue, jaza pamba kidogo, funga. Ni kazi ya jioni moja, na utadhani umebadilisha ngoma. Plastiki iliyoachia kwenye mshono inashikwa na gundi ya viatu. Usisogeze moto karibu nayo, baadhi ya plastiki za zamani zinawaka upesi mno. Vumbi la Arusha lililoganda linatoka kwa polishi ya gari na kitambaa laini.

Seti ya kuiacha, ya mwisho kabisa kwenye orodha hii, ni iliyotobolewa matundu mapya, iliyokatwa kufupishwa, au iliyokusanywa kutoka seti tatu. Hata wakikupa kwa bei ya soda. Iliyopakwa rangi ya nyumba juu ya plastiki ninaifikiria kama mzinga ni mzuri, lakini nataka kuona ndani kwanza.

Hela ya ngozi itenge mbali, kwa maana seti nzima ya ngozi inaweza kukaribia bei uliyonunulia dramu zenyewe. Inchi 12, 13, 14, 16 na 22 hupatikana. Ya kiki ya 20 mimi nimeitafuta hadi Kariakoo, kwa hiyo uulizie kabla ya kununua seti yenye kiki hiyo. Chini ya snea weka ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyotengenezwa kwa ajili ya upande huo. Nimefungua snea nyingi za makanisa nikakuta ngozi nene ya juu imefungwa chini, na watu wamelalamika miaka kwamba snea yao haina sauti. Matoazi yanayokuja na seti hizi mengi ni mabati membamba, yahesabu kama zawadi na upange kununua mengine.

Ukifunga, kaza kwa vidole hadi bolti zote ziguse ringi, kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko kila moja, ukivuka kwenda ya upande wa pili. Bonyeza katikati kwa kiganja, utasikia ngozi ikilia kidogo inapokaa. Iache hivyo hadi kesho yake, ndipo uanze kutafuta sauti.